Video Isiyofunguka: Mtumiaji Afahamu Nini Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Harusi, mahafali, ubatizo, maulidi na maziko ni matukio yasiyorudiwa. Familia hutenga sehemu ya michango kwa ajili ya mpiga video, na wiki kadhaa baadaye hukabidhiwa flashi iliyobeba kumbukumbu yote ya siku ile. Flashi inachomekwa kwenye runinga mbele ya ndugu waliokusanyika. Sauti inasikika lakini picha haionekani. Au picha inaonekana lakini sauti haipo. Au runinga inatoa ujumbe kwamba faili halitambuliki.

Hapo mtumiaji huelezwa mambo matatu. Mpiga video humwambia kwamba runinga yake ni ya zamani. Muuza runinga humwambia kwamba faili limeharibika. Fundi wa kompyuta humwambia kwamba kazi ya kulirekebisha ni kubwa na itahitaji malipo. Yawezekana mmoja wao anasema kweli, lakini mtumiaji hana namna ya kumtambua, naye huishia kulipa mara ya pili kwa kitu alichokwisha kukilipia.

Somo hili limeandaliwa ili kumpa mtumiaji namna hiyo. Tutaeleza faili la video limeundwaje, kwa nini hukataa kufunguka, na hatua ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzichukua bila gharama. Mwishoni tutaeleza mambo ya kuandika katika mkataba kabla ya kazi kuanza. Kanuni kuu ya somo zima ni moja: jina la faili halielezi kilichomo ndani yake. Atakayeishika kanuni hii ataweza kuuliza swali sahihi kabla ya kutoa fedha.

Sehemu ya kwanza: Kasha na kilichomo

Faili la video lina tabaka mbili. Tabaka la nje ni kasha. Kasha hutambulika kwa herufi za mwisho wa jina la faili, kama vile MP4, MOV, MKV au AVI. Kazi yake ni kushika pamoja picha, sauti, na pengine maandishi ya tafsiri, na kuvipanga viende sambamba.

Tabaka la ndani ni picha na sauti zenyewe, ambazo zimebanwa kwa kanuni maalumu ya kihesabu. Kanuni hiyo ya kubana na kufumbua huitwa kodeki. Kwa upande wa picha, kodeki iliyoenea zaidi ni H.264, iliyotolewa kama kiwango cha kimataifa mwaka 2003. Iliyofuata ni H.265, ijulikanayo pia kwa jina la HEVC, iliyotolewa mwaka 2013. Mwaka 2018 ilitoka nyingine iitwayo AV1. Kwa upande wa sauti, iliyozoeleka ni AAC, ingawa zipo pia AC-3, DTS na nyinginezo.

Tuchukue mfano wa barua. Mtu aweza kupokea bahasha safi, yenye anwani iliyo wazi, na ndani yake barua ya Kiswahili fasaha iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani. Msomaji anayejua herufi za Kilatini pekee hataisoma barua hiyo. Bahasha haina kosa, na barua ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni msomaji anayeijua hati hiyo. Ndivyo ilivyo kwa faili la video: kasha ni bahasha, kodeki ni hati, na runinga ni msomaji.

Kwa hiyo mafaili mawili yenye herufi zilezile za MP4 yanaweza kutofautiana kabisa ndani. Moja lina H.264, nalo hufunguka karibu kila mahali. Jingine lina H.265, nalo hukataliwa na runinga au kompyuta iliyotengenezwa kabla kodeki hiyo haijaenea. Mpiga video asemaye, "Nimekupa MP4," bado hajajibu swali.

Sehemu ya pili: Kwa nini video hubanwa

Baadhi ya watumiaji hudhani kwamba kubana video ni njia ya kuwapunja. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwamba bila kubana, video isingeweza kutunzwa nyumbani.

Picha moja ya kiwango cha juu kilichozoeleka ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huhitaji baiti 3 za rangi, na kila sekunde huwa na picha 25. Ukizidisha, utapata takriban megabaiti 155 kwa kila sekunde, au gigabaiti 560 kwa saa moja. Flashi ya gigabaiti 64 ingejaa kabla dakika ya saba haijaisha.

Kodeki hupunguza mzigo huo kwa kuhifadhi mabadiliko badala ya kurudia picha nzima kila mara. Ukuta ulio nyuma ya maharusi hausogei, hivyo hauna haja ya kuandikwa upya mara 25 kwa sekunde. Kwa H.264 yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambayo huonekana vizuri kwenye runinga ya nyumbani, saa moja ya video huchukua takriban gigabaiti 3.6. H.265 iliundwa ili kufikia ubora wa namna hiyo kwa karibu nusu ya ukubwa huo. Gharama yake ni kwamba kifaa hufanya kazi nzito zaidi katika kuifumbua.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kinachopunguzwa katika kubana hakirudi. Kila faili linapobanwa upya, hupoteza kidogo, kama nakala ya fotokopi inayotolewa fotokopi nyingine. Kwa sababu hiyo tunasisitiza mara kwa mara katika somo hili kwamba faili asilia lisiguswe.

Sehemu ya tatu: Dalili na chanzo chake

Zifuatazo ni dalili ambazo mtumiaji hukutana nazo zaidi.

Sauti ipo, picha haipo. Aghalabu chanzo ni kodeki ya picha isiyojulikana na kifaa. Hutokea sana kwa video za H.265. Simu nyingi za iPhone, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, hurekodi kwa kodeki hiyo zisipobadilishwa mpangilio. Anayetaka kuepuka tatizo hili afungue mipangilio ya kamera ya simu hiyo, aingie sehemu ya miundo, na achague "Most Compatible". Kuanzia hapo simu itarekodi kwa H.264, na mafaili yatakuwa makubwa zaidi.

Picha ipo, sauti haipo. Chanzo ni kodeki ya sauti. Runinga kadhaa hazisomi DTS, na baadhi hazisomi AC-3 kutoka kwenye flashi. Dawa yake ni kubadili sauti peke yake kuwa AAC, pasipo kuigusa picha.

Picha inakwama-kwama kwenye kompyuta. Faili huwa zima, ila kompyuta haina uwezo wa kulifumbua kwa kasi inayotakiwa. Video yenye nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta mara nne ya ile ya 1,920 kwa 1,080, na kompyuta ya miaka mingi hulemewa nayo.

Faili linakataa kunakiliwa kwenye flashi ingawa nafasi ipo. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja lenye kuzidi gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 60. Harusi ya saa tatu kwa kasi tuliyoitaja hufikia karibu gigabaiti 11, hivyo haiwezi kuingia ikiwa faili moja. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuipanga flashi upya kwa mfumo wa exFAT, kazi ambayo hufuta kila kilichomo, na ambayo haisaidii endapo runinga haisomi mfumo huo. Ya pili, ambayo ni salama zaidi kwa runinga za zamani, ni kumtaka mpiga video aigawe kazi katika sehemu zisizozidi saa moja: ibada au nikaha peke yake, mapokezi peke yake, ukumbini peke yake.

Midomo na maneno haviendi pamoja baada ya uhariri. Simu janja hubadili idadi ya picha kwa sekunde kulingana na mwanga na joto la simu. Programu nyingi za uhariri hutarajia idadi isiyobadilika. Kadiri video inavyoendelea, tofauti ndogo hujumlishana, na dakika ya hamsini huonekana mbaya kuliko dakika ya pili. Dawa yake ni kuibadili video ya simu iwe na idadi moja isiyobadilika, kabla ya kuiingiza katika programu ya uhariri.

Programu ya uhariri inasema faili halipo. Faili la mradi wa uhariri halibebi video. Hubeba maelekezo tu: video ipo folda gani, ikatwe wapi, iunganishwe na nini. Folda ikihamishwa, au diski ya nje ikichomolewa, programu hupoteza njia. Video haijafutika, irudishwe folda mahali pake, au programu ionyeshwe mahali papya. Hapa pana tahadhari kubwa kwa mtumiaji: anayedai apewe "mradi" na akapewa faili dogo la megabaiti chache, hajapewa video zake.

Programu inakoma kabla ya kumaliza kutoa video. Tazama kwanza nafasi ya diski, kwani programu huhitaji nafasi ya muda mbali na ile ya faili la mwisho. Kisha tazama joto la kompyuta. Programu ikikoma mahali palepale kila mara, tatizo huwa ni kipande cha video kilichopo mahali hapo. Kipande hicho kibadilishwe kuwa H.264 kwanza, kisha kirudishwe.

Faili halifunguki popote, kwa programu yoyote. Hapa ndipo penye uwezekano wa uharibifu wa kweli. Kamera na simu nyingi huandika orodha ya yaliyomo mwishoni, rekodi inaposimamishwa. Betri ikikatika kabla ya hapo, picha hubaki kwenye kadi lakini orodha haipo, na faili huwa kama kitabu kilichofunguliwa uzi kurasa zikamwagika. Yapo mafanikio ya kuirudisha orodha hiyo kwa kutumia video nyingine nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule. Sharti ni kwamba kadi isirekodiwe tena wala isipangwe upya.

Sehemu ya nne: Hatua za kufuata

Mtumiaji afuate hatua hizi kwa mpangilio wake, wala asiruke.

1. Nakili faili kwenye kompyuta, kisha lihifadhi asilia bila kuligusa. Kazi zote zifanyike kwenye nakala.

2. Linganisha ukubwa wa faili na muda wake. Faili la saa tatu lenye megabaiti 40 halijakamilika, au limebanwa kupita kiasi. Video zilizotumwa kwa WhatsApp kama video za kawaida hubanwa sana; zikitumwa kama hati hubaki zilivyo.

3. Lifungue kwa VLC. Hii ni programu ya bure inayotolewa na shirika la VideoLAN kupitia tovuti ya videolan.org. Huja na kodeki nyingi ndani yake, hivyo haitegemei zile za kompyuta. Faili likifunguka hapo na kuonekana vizuri mwanzo hadi mwisho, basi halijaharibika. Tatizo ni kutoelewana kati yake na runinga.

4. Soma kilichomo. Video ikiwa inaonekana katika VLC kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na J. Litafunguka dirisha linaloorodhesha kodeki ya picha, kodeki ya sauti, vipimo vya picha na idadi ya picha kwa sekunde. Yaandike au uyapige picha. Huu ndio ushahidi wako.

5. Tazama mwongozo wa runinga. Watengenezaji huorodhesha kodeki zinazosomwa kupitia flashi. Linganisha orodha hiyo na ulichokipata katika hatua ya nne.

6. Badili nakala, si asilia. Programu ya bure iitwayo HandBrake, inayopatikana katika handbrake.fr, ina mpangilio tayari uitwao "Fast 1080p30". Hutoa MP4 yenye H.264 na AAC, ambayo runinga nyingi husoma. Kwa faili la saa tatu, kompyuta ya kawaida yaweza kuchukua saa kadhaa. Iachwe ifanye kazi mahali penye hewa, ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

7. Jaribu dakika mbili kabla ya saa tatu. HandBrake huruhusu kuchagua kipande. Kitoe kipande kifupi, kipeleke kwenye runinga, na ukikubalika ndipo ubadili faili zima.

Lipo jambo moja la kuongeza kuhusu gharama. Ikiwa hatua ya nne imeonyesha kwamba ndani mna H.264 na AAC lakini kasha ni MKV, hakuna haja ya kubana upya. Kinachotakiwa ni kubadili kasha pekee. Kazi hiyo humalizika kwa dakika chache na haipunguzi ubora hata kidogo. Fundi anayetoza kazi ya siku nzima kwa jambo hilo aulizwe anabadili nini: kasha au kodeki?

Sehemu ya tano: Mambo ya kuepuka

Usibadili herufi za mwisho wa jina ukidhani umebadili faili. Kuandika MP4 mahali palipoandikwa MKV ni kubadili anwani juu ya bahasha. Barua ya ndani haibadiliki.

Usipakue "vifurushi vya kodeki" kutoka tovuti usizozijua. Matangazo yanayodai kwamba video haitafunguka mpaka upakue kodeki fulani ni njia ya siku nyingi ya kuingiza programu hasidi. Hata vyanzo halali huhitaji uangalifu. Mwezi Mei mwaka 2017, mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake iliingiliwa kwa siku chache, na baadhi ya waliopakua toleo la kompyuta za Mac walipata programu ya wizi wa nywila. Pakua kwenye tovuti rasmi, na weka programu ya ulinzi iliyosasishwa.

Usishangae kuona kodeki ikiuzwa, lakini ujue inauzwa na nani. H.265 ina hataza zinazolipiwa. Ndiyo maana Microsoft huuza kiendelezi cha HEVC kwa Windows katika duka lake rasmi, kwa bei isiyofika dola moja ya Marekani. Bei hiyo ikupe kipimo pale mtu anapokutaka fedha nyingi kwa huduma hiyohiyo. Nayo VLC hufungua video hizo bila malipo.

Usilipie "kupandisha video hadi 4K" ukitarajia kuona kisichokuwepo. Programu yaweza kuongeza nukta na kulainisha kingo, ila haiwezi kujua sura ya mtu ambayo kamera haikuinasa. Anayeuza kazi iliyorekodiwa kwa vipimo vidogo akaiita 4K anapotosha.

Usipakie video za faragha kwenye tovuti za kubadili mafaili. Nyuso za watoto, sauti za wazee na mambo ya ndani ya nyumba yako hubaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hulinda vizuri zaidi kile ambacho mwenyewe hakukitoa ovyo. Vivyo hivyo, unapopeleka kompyuta kwa fundi, mpe nakala ya faili lenye tatizo peke yake pale inapowezekana.

Usiiamini flashi kwa maandishi yaliyo juu yake. Zipo flashi bandia zinazoonyesha ukubwa wa gigabaiti 512 au terabaiti 1 ilhali uwezo wake ni sehemu ndogo tu ya hapo. Hupokea mafaili bila kulalamika, huonyesha majina yote, kisha huandika juu ya yaliyotangulia. Mtumiaji hugundua siku anapoifungua. Flashi mpya ipimwe ikiwa tupu kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza na kusoma upya kila ilichokiandika.

Sehemu ya sita: Ya kuandikwa kabla ya kazi

Makubaliano mengi ya kupiga video hufanyika kwa mdomo au kwa ujumbe mfupi: tarehe, bei, malipo ya awali. Tunamshauri mtumiaji ahakikishe mambo yafuatayo yameandikwa, hata kama ni katika ukurasa mmoja uliosainiwa na pande zote mbili.

1. Kasha na kodeki za video ya mwisho. Maneno haya yanatosha: "Video itakabidhiwa katika MP4, picha H.264, sauti AAC."

2. Vipimo vya picha, kwa mfano 1,920 kwa 1,080, na kwamba ndivyo vilivyotumika kurekodi.

3. Idadi ya mafaili na muda wa kila moja, pamoja na sharti la kutozidi gigabaiti 4 iwapo yataoneshwa kwa flashi ya FAT32.

4. Chombo cha kukabidhia na nani atakinunua.

5. Tarehe ya kukabidhi.

6. Muda ambao mpiga video atatunza rekodi asilia baada ya kukabidhi, na iwapo mteja atapewa nakala yake. Bila rekodi hizo, kosa la uhariri haliwezi kusahihishwa.

7. Idadi ya marekebisho yasiyolipiwa.

8. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya mteja kuitazama video kwenye kifaa kilichokubaliwa.

Kipengele cha nane ndicho chenye uzito kuliko vyote. Mteja aliyekwisha lipa yote hubaki kuomba. Aliyebakiza sehemu, kwa makubaliano ya wazi, ana jambo la kuzungumza.

Siku ya kukabidhiwa, usitazame mwanzo pekee. Sogeza video hadi katikati, kisha hadi mwisho wa kila faili, ukisikiliza kama maneno yanafuata midomo. Halafu nakili kila kitu: nakala tatu kwa jumla, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake itunzwe nyumba nyingine. Flashi ni chombo cha kusafirishia, wala si ghala la miaka ishirini.

Sehemu ya saba: Mgogoro ukitokea

Anza na mtoa huduma, na umwendee ukiwa na taarifa. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema, "Video yako mbovu," na kusema, "Mkataba unataja H.264, VLC inaonyesha HEVC, tafadhali toa upya kutoka kwenye mradi asilia." Kauli ya pili humwezesha fundi mwaminifu kutengeneza kazi siku hiyohiyo, na humnyima asiye mwaminifu nafasi ya kusingizia runinga. Mtake atoe upya kutoka kwenye mradi wake, asikubanie tena faili ulilonalo, kwa sababu tuliyoieleza katika sehemu ya pili.

Asipotekeleza, mpe madai kwa maandishi yenye tarehe na muda wa kujibu. Tunza mkataba, risiti halali, ujumbe wa simu, picha ya dirisha la VLC na faili lenyewe kama ulivyolipokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, nayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani. Mlaji aliyeuziwa flashi ya uwezo wa uongo, au kazi iliyoitwa 4K isiyo 4K, anayo hoja ya kuwasilisha, mradi awe na ushahidi.

Tuseme pia upande wa pili. Mtumiaji aliyekubali kwa maandishi kupokea H.265, kisha runinga yake ikashindwa, hawezi kumlaumu mpiga video. Haki hulindwa na makubaliano yaliyo wazi kwa pande zote.

Jipime

Swali: Jirani amekuletea faili la MP4 lisiloonyesha picha kwenye runinga, lakini VLC inalifungua. Je, limeharibika?
Jibu: Hapana. Runinga haijui kodeki iliyomo. Tazama kodeki, kisha badili nakala kuwa H.264.

Swali: Flashi ina nafasi ya gigabaiti 30, nayo inakataa faili la gigabaiti 6. Je, ununue flashi nyingine?
Jibu: La. Tazama mfumo wake kwanza. Ikiwa ni FAT32, video igawanywe, au flashi ipangwe upya kwa exFAT baada ya kuhamisha kilichomo na kuhakikisha runinga inausoma mfumo huo.

Swali: Betri ya kamera ilikatika wakati wa kula kiapo, na faili halifunguki. Ufanye nini kwanza?
Jibu: Toa kadi kwenye kamera, usirekodi chochote juu yake, wala usikubali ipangwe upya. Tafuta video nyingine nzima ya kamera hiyohiyo, ndipo umwone fundi.